Mwezi wa nane bustanini: maji kwanza, mbegu baadaye



Juma hili nimeona wingu la kwanza juu ya ziwa. Lilikuwa dogo, upande wa Idjwi, na kufika jioni lilikuwa limepotea. Lakini mama mkwe wangu, ambaye hatazami kalenda hata siku moja, alilitazama kidogo akauliza: "Jembe langu mumeliweka wapi?" Nikajua kwamba likizo yangu imekwisha.

Mwezi wa nane hapa Bukavu unadanganya watu. Vumbi liko kila pahali, majani ya migomba yamekauka, udongo umekuwa mgumu kama tofali. Mtu akitazama bustani yake anasema hakuna kazi, tungojee mvua. Kisha mwezi wa kenda unafika na kutuletea mvua na shule kwa mara moja. Siku ile mvua inapiga ndiyo siku unapotafuta viatu vya mtoto huko Kadutu. Tangu mwaka 2019 shule za msingi za serikali hazidai tena minervali, na tunashukuru. Lakini kaye zinanunuliwa, viatu vinanunuliwa, shati jeupe na sketi ya bluu vinanunuliwa, na mwenye mtoto katika sekondari sina la kumfundisha, anajua mwenyewe. Kwa hiyo mwezi ule feza zote zinaenda shuleni, na sufuria inabaki ikitutazama.

Hapo ndipo bustani ndogo inapoingia. Wacha nifanye hesabu ya mwalimu. Nyumba inayonunua mafungu mawili ya lengalenga kwa siku, siku sita kwa juma, inanunua mafungu 48 kwa majuma manne. Zidisha wewe mwenyewe kwa bei ya soko lako, kisha uangalie kama haikaribii bei ya jozi ya viatu. Na lengalenga iliyopandwa vizuri inaanza kukatwa kati ya juma la tatu na la tano. Mwenye kuwa tayari wakati mvua inaanza, anakula mboga yake kabla ya mwezi wa kumi kwenda mbali. Mwenye kuanza kulima wakati mvua imekwisha kuanza, ataendelea kununua.

Lakini leo sitaanza na mbegu. Nataka kuanza na maji, kwa sababu maji yalinifundisha kwa aibu, na aibu ile nitaieleza hapa ingawa majirani wengine wanasoma gazeti hili.

Ni miaka mitatu sasa. Parseli yetu iko kwenye mteremko, kama nusu ya mji huu. Nyuma ya nyumba kuna pahali pa kulima, hatua sita kwa tisa, si zaidi. Likizo ile nilijitolea kweli. Nililima pote, nikavunja udongo mpaka ukawa laini kama unga wa muhogo, nikachora matuta mazuri, marefu, yaliyonyooka kutoka juu kwenda chini. Nilichagua kuyapanga hivyo kwa sababu mtu akilima akitazama mlima mgongo haumuumi sana. Nikamwaga mbegu, nikamwambia bwana yangu: mwaka huu hatutanunua mboga.

Mvua kubwa ya kwanza ilikuja usiku. Nilifurahi, nikajifunika, nikalala. Asubuhi na mapema nilisikia sauti ya jirani wa chini ikiniita kwa utulivu: "Madamu, njoo uchukue shamba lako. Liko huku kwangu."

Nilishuka. Matuta yangu yalikuwa yamegeuka mifereji, na udongo wote ule laini, pamoja na mbegu na mbolea yangu, ulikuwa umeingia katika jiko lake. Makaa yalielea. Mfuko wa unga ulikuwa chini, umelowa mpaka nusu. Jirani huyu anauza mandazi. Unga ule ulikuwa kazi yake ya siku tatu. Hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Nilisema: "Yaya, unisamehe." Akajibu: "Samahani haikandwi, Madamu."

Nililipa unga. Nililipa na feza niliyokuwa nimeweka kwa minervali ya mtoto wangu mkubwa, na mtoto akarudishwa nyumbani mara mbili kabla sijapata ingine. Mimi mwalimu, mtoto wangu anarudishwa kwa ajili ya matope! Na kwa miezi miwili jirani alinisalimia kama mtu anavyosalimia mgeni.

Sasa ninyi mtauliza: nilikuwa sijui? Nilijua. Nilipokuwa ISP tulifundishwa namna ya kutafuta mstari wa usawa kwenye mlima, nikaandika, nikafaulu mtihani. Na kila mwaka ninachora kifaa kile ubaoni mbele ya wanafunzi ninapowafundisha pembetatu. Nilikijua kwa chaki tu. Ni jirani yule aliyenilazimisha kukitengeneza kwa miti, siku aliponiuliza: "Ninyi mliosoma, hamna dawa ya jambo hili?"

Dawa iko, na haigharimu hata faranga moja. Tafuta miti miwili iliyonyooka, yenye urefu sawa, karibu mita mbili. Ifunge pamoja kwenye ncha za juu, kisha itanue miguu kama mtu aliyesimama imara. Chukua mti wa tatu, ulio mfupi, uufunge katikati kama mkanda, ili yote ifanane na herufi A. Kutoka kule juu shusha kamba yenye jiwe, ishuke mpaka ipite chini ya ule mkanda. Basi, kifaa kimekwisha.

Kabla ya kukitumia lazima ukifundishe kusema kweli. Kisimamishe popote, weka alama pale miguu yake miwili inapokanyaga, ngojea jiwe litulie, uchore kwa makaa pale kamba inapogusa mkanda. Kisha kigeuze: mguu wa kushoto ukanyage pale ulipokuwa wa kuume, na wa kuume ukanyage pale ulipokuwa wa kushoto. Chora tena. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye ukweli. Weka alama kubwa pale. Sasa nenda kwenye ukingo wa bustani, simamisha mguu mmoja, na mguu wa pili uupandishe au uushushe kidogo kidogo juu ya mlima mpaka kamba iguse alama ile kubwa. Pigilia kijiti penye kila mguu. Songa mbele, mguu wa nyuma ukanyage kwenye kijiti cha mwisho, endelea hivyo mpaka upande wa pili wa parseli. Ukisimama ukatazama vijiti, utaona mstari umepinda kama nyoka. Usiunyooshe! Mlima wako ndio umepinda. Mtoto wa miaka kumi na moja anaweza kushika kazi hii, tena ataipenda kuliko mazoezi ya kwenye kaye.

Kwenye mstari ule chimba mtaro, upana wa jembe, kina cha kutoka kiganja mpaka kiwiko. Udongo unaotoka uutupe upande wa juu, ufanye ukuta mdogo. Juu ya ukuta panda majani yenye mizizi ya kushika: matete, setaria, chochote ambacho ndugu zetu wa Kabare na Walungu wanapanda kwenye kingo za mashamba yao. Mvua ikishuka inakutana na majani, inapunguza mwendo, udongo unabaki, maji yanaingia chini pole pole. Kwa parseli ndogo mitaro miwili inatosha, mmoja juu kabisa wa kupokea maji ya wenye kukaa juu yako, mmoja chini kabla ya mpaka wa jirani. Na matuta sasa yapange yakikata mteremko, kama ngazi. Mgongo utauma. Wacha uume.

Kuna pahali ambapo sitaki ufanye hivyo. Kama ardhi ya kwenu inaonyesha nyufa, kama miti au nguzo zimeanza kuinama, kama kilima kimekwisha kuteleza miaka iliyopita, usichimbe mtaro wa kushika maji. Hapo utakuwa unakinywesha kilima, na kilima kilicholewa kinaangusha nyumba. Hapo maji yanapelekwa mbali upesi, na jambo lenyewe si la mama mmoja, ni la kumwita shefu wa avenyu na majirani wote wa juu na wa chini.

Tusisahau mabati. Nyumba ya mita sita kwa nane ina paa la mita 48 za mraba. Mvua ikinyesha milimita kumi tu, ambayo kwetu si mvua ya kuzungumzia, paa lile linamwaga litri 480. Hizo ni bido 24 za litri ishirini, zikianguka pahali pamoja, katika saa moja pengine. Mimi sikulijua hilo usiku ule nilipokuwa nimejifunika. Kwa hiyo mwezi huu, kabla ya mbegu, tembea kuzunguka nyumba yako na ujiulize: maji ya paa langu yanakwenda wapi? Mwenye pipa aliweke, mwenye basani aziweke, na yanayobaki yaongozwe kwa mawe mpaka kwenye mtaro wa barabara. Na mtaro ule wa barabara uwe umekwisha kusafishwa. Chupa na mifuko tuliyoitupa wakati wa kiangazi ndiyo inayorudisha maji ndani ya nyumba zetu. Hili nalisema bila kuomba ruhusa.

Haya, tukishayapa maji njia yake, tuje kwa udongo.

Kosa la kwanza ni moto. Mwezi wa nane kila asubuhi ninaona moshi: tumefagia, tumekusanya majani, tumechoma. Ule ni mboga inayoungua. Wale waliokusanya takataka za jikoni tangu mwezi wa sita, maganda ya ndizi na ya viazi, majani, mavi ya dende na ya sungura, wakageuza lundo mara mbili tatu na kulinyunyizia maji, leo wana mbolea nyeusi isiyonuka. Fumbire ile haina bei. Wale ambao hawakukusanya, nami mwaka mwingine ninakuwa kati yao, wana njia ya mkato. Kando ya barabara kunaota vichaka vyenye maua ya manjano yanayofanana na alizeti ndogo. Hata kiangazi kikali havifi. Kata majani yake na matawi laini, uyakatekate kwa panga, uyafukie kwa kina cha kiganja, ungojee majuma mawili. Yanaoza upesi na yanalisha udongo vizuri sana. Bahati yetu ni kwamba mbuzi hawayapendi sana na watu hawayauzi bado.

Katika lundo usitupe mifuko ya plastiki, wala mawe ya radio, wala mavi ya watu au ya mbwa. Na tazama choo chenu kiko wapi. Kama kiko upande wa juu wa bustani na shimo limejaa, mvua itakileta juu ya mboga, nasi tunaujua ugonjwa wa kuhara unaotusumbua kila masika. Pale panda ndizi, au maharagi ya kukomaa yanayopikwa sana. Usipande mboga ya kuchuma majani.

Kuhusu kulima kwenyewe: usivunje udongo mpaka uwe unga kama nilivyofanya mimi. Wakati huu wa ukavu acha mabonge. Bonge linapokea tone la mvua na kulimeza. Unga unafunga uso wa ardhi, maji yanateleza juu. Utalainisha tu kile kituta kidogo cha mbegu ndogo, siku ya kupanda. Pengine pote funika kwa majani makavu ya migomba, yale ambayo ulikuwa unataka kuyachoma.

Sasa mbegu. Wengi wetu tunapanda maharagi tuliyonunua sokoni kwa kula. Si dhambi, lakini hujui umri wake wala kiangazi kimeifanya nini. Kwa hiyo ipe mtihani. Hesabu mbegu kumi bila kuchagua, zifunge katika kitambaa kilicholowa, weka pahali pasipo baridi, ulowanishe kila siku. Baada ya siku sita au saba fungua, hesabu zilizoota. Nane, kenda, kumi: panda bila wasiwasi. Zikiwa tano, tia mbegu mbili penye ulikuwa utie moja. Zikiwa tatu, zile zilizobaki zipikwe leo jioni, usizitupe ardhini. Nimewapa wanafunzi wangu wa mwaka wa tano kazi hii waifanye nyumbani. Mama mmoja alikuja kunilalamikia kwamba mtoto ameharibu kitambaa cha jikoni, lakini baada ya majuma mawili alirudi kuniuliza kama mtihani ule unafaa na kwa mahindi. Unafaa.

Lengalenga ina mbegu ndogo kama vumbi, na mkono wetu ni mzito. Changanya kijiko kimoja cha mbegu na vikombe viwili vya mchanga mkavu ndipo mbegu itawanyike. Funika kidogo tu, kama mtu anayetia chumvi. Sisimizi wanaipenda, kwa hiyo weka majivu kuzunguka kituta. Ikifika urefu wa kiganja anza kung'oa ile iliyosongamana, ndiyo mboga ya kwanza. Inayobaki ukate juu juu, uiachie shina la vidole vinne, na itachipuka tena.

Kamba za viazi vitamu zinanipa huzuni kila mwaka. Mwezi wa kenda kila mtu anazitafuta, na hazipo, zimekauka na kiangazi. Mwenye akili anaziweka kidogo karibu na pale tunapooshea mboga na vyombo, pahali ambapo udongo haukauki kamwe. Kama unazo, usizimalize kwa kula matembele sasa. Kila kipande cha urefu wa mkono mmoja, theluthi mbili zikiwa chini ya udongo, ni kitoweo cha baadaye na viazi juu yake.

Shu, biringanya na puaro ndizo zinazotaka kitalu, na kitalu ni kazi ya sasa hivi. Kituta cha mita moja kwa mita moja kinatosha nyumba nzima. Tandika kivuli cha majani ya migomba kwa urefu wa goti, mwagilia asubuhi na jioni kwa maji kidogo yasiyo na sabuni. Shu itahama baada ya juma la nne au la tano, puaro inataka karibu miezi miwili, usiiharakishe. Nyanya, wamama, mimi sipandi nyingi wakati wa mvua. Milidiu inakuja, majani yanaungua kama yamepitiwa na moto, na juma moja linakula kazi ya miezi miwili. Miche mitatu au minne chini ya ukingo wa paa, pale mvua isipoipiga moja kwa moja, inatosha kwa kulia mchuzi. Lakini ukifaulu, uza: wakati huo nyanya inakuwa mali huko Nyawera.

Na wale wanaopanga nyumba wakaambiwa parseli si yao? Mfuko wa unga. Katikati simamisha kopo lisilo na matako, lijaze mawe madogo, jaza udongo uliochanganywa na mbolea kuzunguka, vuta kopo juu, jaza tena, mpaka mwisho. Mawe yale yanabaki kama mfupa wa kupitisha maji. Toboa matundu kwenye ubavu, panda mche mmoja kwa kila tundu. Mfuko mmoja wa kilo hamsini hauwezi kulisha watu wanane, ila miwili au mitatu mbele ya mlango inasaidia, tena siku mwenye nyumba akikufukuza unaondoka na shamba lako.

Nimebakiza jambo linalotuponza wote, ni mvua ya uongo. Mwanzo wa mwezi wa kenda inakuja mvua moja, inanyesha kwa kelele, vumbi linanukia, kila mtu anatoka na mbegu zake. Kisha jua siku kumi. Maharagi yanaota, yanatazama, yanakufa. Mama mkwe ana kipimo chake na sijaona kikikosea. Asubuhi baada ya mvua anaingiza mkono ardhini, anachimba mpaka kiganja chote kifichwe, kutoka ncha ya kidole mpaka kwenye kifundo. Kama udongo wa chini kabisa unashikamana akiufinya, anapanda maharagi. Kama chini bado ni kavu, anapangusa mkono na kurudi kwenye kiti chake, hata kama avenyu nzima inapanda. Mwaka jana nilimbembeleza: "Mama, wote wamepanda." Akaniambia: "Binti yangu, wote watanunua mbegu mara ya pili."

Mimi ninafanya kati kati. Mvua ya kwanza ninaipa lengalenga tu, kwenye kituta kidogo karibu na jiko ambacho ninaweza kukimwagilia maji niliyooshea mboga kama jua likirudi. Maharagi ninayagawa mafungu matatu. La kwanza linangojea kipimo cha mkono, la pili linafuata baada ya siku kumi, la tatu ninalifungia na majivu katika bido iliyokauka, halitoki kabla sijaona yale mengine yamesimama. Hivyo hata mvua ikinidanganya hainimalizi.

Neno moja juu ya watoto, kwa sababu mimi ni mwalimu na siwezi kunyamaza. Shuleni tuna desturi mbaya: mtoto amechelewa, mpe jembe; mtoto amepiga kelele, nenda ukalime. Nimefanya hivyo mimi pia, na miaka mingi. Kisha tunashangaa kwamba kijana aliyemaliza sekondari anaona kulima ni adhabu. Nyumbani tusiendelee na kosa hilo. Mpe kila mtoto kipande chake, hata kiwe cha ukubwa wa meza, apande anachotaka yeye, na kikitoa asikipokonywe kwa sufuria bila kuulizwa. Kijana wangu wa pili alipanda karoti, akaziuzia nyumba yetu wenyewe, tena hakukubali deni.

Jirani wa chini? Mtaro wa mpaka tulichimba pamoja, yeye na binti zake upande mmoja, mimi na watoto wangu upande mwingine. Setaria ya pale juu anaikata yeye kwa dende zake, na mavi ya dende yanarudi kwangu katika basani. Hatukuandikiana karatasi. Mvua kubwa za mwaka ule uliofuata, nilitoka usiku na tochi kutazama mpaka, nikamkuta naye ametoka na tochi yake. Maji yalikuwa yanapita kwenye mtaro, yamechafuka lakini yanapita. Akaniambia: "Madamu, nenda ulale, kesho una darasa."

Siku ya posho, kwenye mkutano wetu baada ya likelemba, tutabadilishana mbegu. Mwenye lengalenga alete kikombe, mwenye maharagi alete yaliyokwisha kupita mtihani wa kitambaa, atuambie yaliota mangapi kwa kumi. Natafuta kamba za viazi vitamu vyekundu. Zangu kiangazi kimezimaliza, ndiyo, hata mimi. Nitaleta kile kifaa cha miti mitatu, nitakiacha kwa rais wa kikundi. Atakayetaka kukiazima aandike jina, siku mbili kwa kila nyumba, na akirudishe na jiwe lake.